Shingo ya Mama Barazani

Jino lililipwa mbuzi. Rejeta ya lori ililipwa, tena bila ubishi, watu wakipeana mikono na kucheka. Shingo ya mama yangu haikulipwa hata kikombe cha maji. Nimezeeka sasa, meno yangu mwenyewe yameniaga karibu yote, lakini nikilikumbuka jambo hili damu inanichemka kama vile limetokea juzi. Watoto wangu huniambia, "Mama, si uyaache hayo, ni ya zamani." Niyaache nimwachie nani? Waliokuwepo pale barazani wamekwisha kufa wote, nimebaki mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni, kahawa ilipoanza kuwa na bei na malori yakawa yanaonekana Karagwe kila wiki. Nilikuwa msichana mkubwa, mahari yangu imeshazungumzwa, nangoja tu mavuno yapite niolewe. Mama na mimi tulikuwa tumekwenda upande wa Nkwenda kumzika dada yake. Tulikaa matanga siku nne, na siku ya kurudi tukapata lori la maharage lililokuwa likienda Omurushaka. Mabasi hatukuwa tunayajua. Ulipanda juu ya magunia, ukashika kamba, ukamwomba Mungu wako. Mama alikaa nyuma kabisa, karibu na ubao wa nyuma wa lori, uso wake mbele. Mimi nilikaa nikimtazama yeye, kwa hiyo barabara tuliyokuwa tunaiacha niliiona yote pamoja na vumbi letu.

Mbele kulikuwa na daraja la magogo, na juu ya daraja ng'ombe walikuwa wanavuka. Dereva wetu akasimama. Alisimama polepole, kistaarabu, nasema hivyo kwa sababu baadaye walimsingizia kwamba alifunga breki kama mwendawazimu. Tulikuwa tumeshasimama, mchungaji ameshatupungia mkono, mama ameshaniuliza kama nina njaa, ndipo nikaliona lori jingine likitoka kwenye vumbi. Lilikuwa la mnunuzi mmoja wa kahawa, mtu wa Bukoba aliyekuwa na duka na maghala kwetu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa mbele na dereva wake, na dereva alikuwa amegeuza kichwa anamsikiliza bosi akizungumza. Nikapiga kelele, "Mawe!" Ndivyo sisi tunavyomwita mama tukishtuka. Kabla sijafunga mdomo likatugonga kwa nyuma, puu!

Kichwa cha mama kilikwenda nyuma, kikarudi mbele, kidevu kikampiga kifuani. Nilisikia mlio mdogo, ka, kama mtu anavunja kijiti cha kuwashia moto. Nikamwita. Akasema, "Nipo." Alikuwa bado ameshika kuku tuliyepewa matangani.

Sasa sikiliza wanaume walivyofanya. Waliruka chini wote, mbio, nikadhani wanakuja kutuangalia sisi tuliokuwa juu ya magunia. Wapi! Waliyakimbilia malori. Walipiga magoti kwenye vumbi, wakaipapasa rejeta iliyokuwa inamwaga maji, wakaipa pole kama mgonjwa. Yule bosi akasema dereva wetu ndiye aliyesimama ghafla. Mwenye lori letu alikuwa anamuuzia maharage yule bosi, hakutaka kumuudhi, na pale pale wakakubaliana kwamba rejeta watachangia nusu kwa nusu. Hebu fikiria! Aliyegongwa anamlipa aliyegonga. Wakapeana mikono.

Kulikuwa na jirani yetu mmoja ambaye alipigiza mdomo kwenye chuma, jino la mbele likatoka, shati lote likajaa damu. Alilishika jino mkononi akalionyesha kila mtu. Kwetu damu ikionekana mbele za watu hakuna anayebisha. Bosi alimwahidi mbuzi jike papo hapo mbele ya mashahidi, na kabla wiki haijaisha mbuzi alifika. Simlaumu jirani. Jino ni jino. Lakini mama yangu hakutoka damu, na wakati bosi alipouliza, "Kuna mwingine aliyeumia?" mama alinyamaza, maana aliona aibu, mwanamke aliyetoka msibani, kuanza kulialia barabarani kwa sababu ya kichwa kinachomgonga. Alidhani kitapoa.

Hakikupoa. Asubuhi hakuweza kunyanyua kichwa kwenye mkeka, nikamwinua kwa mikono miwili kama unavyomwinua mtoto mchanga. Tulimchua kwa samli, tukamwekea majani ya mgomba yaliyopashwa moto, akaja bibi mmoja akamuumika kwa pembe. Kwenye zahanati mganga wa pale alimshika shingo kwa vidole viwili, akamwuliza damu ilitokea wapi. Mama akasema hakuna damu. Basi akampa chupa ya dawa ya kuchua akamwita anayefuata. Tangu hapo mama hakugeuza shingo tena. Ukimwita akiwa amekupa mgongo, ilimbidi ageuke mwili mzima, miguu na mabega. Mkono wa kushoto ulikuwa unakufa ganzi, vikombe vikawa vinamponyoka.

Na mwanamke wa kwetu bila shingo ni nini? Maji yanatoka kisimani bondeni, yanapanda kilima juu ya kichwa. Kuni, juu ya kichwa. Mkungu wa ndizi, nyasi za kutandika shambani, kahawa ya kupeleka kwa mnunuzi, vyote juu ya kichwa. Mimi nilizibeba kazi zote hizo miezi ile, lakini kila mtu alijua kwamba naondoka, nimeshaposwa.

Bibi, yaani mama yake baba, alikuwa na nyumba yake kwenye kibanja chetu, shamba lile lile la migomba, hatua ishirini kutoka kwetu. Mungu amrehemu, lakini alikuwa na mdomo. Kila nikipita na mtungi alisema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Binti anabeba, mama amekaa. Sijui shingo gani hiyo inayouma bila kidonda." Mwanzoni alisema mama ni mvivu. Baadaye akasema ni ugonjwa aliotoka nao kwao, walimwoza mgonjwa wakatuficha. Mama alikuwa amezaa watoto sita katika nyumba ile na kulima migomba yote ile inayoonekana mpaka leo! Nilitaka kumjibu, mama akanikataza kwa jicho.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikiliza anayesema mwisho, na kule kwetu anayesema mwisho alikuwa bibi. Jioni moja akamwambia mama mbele yangu, "Nitalipeleka shauri hili barazani. Wakisema ni lori lililokuumiza, basi ni ajali. Mwenye lori atalipa kibarua wa kuchota maji mwaka mzima, na wewe utakwenda hospitali ya misheni utazamwe. Nami nitavumilia. Lakini wakisema si lori..."

Hakumalizia. Bibi ndiye aliyemalizia kutoka mlangoni. "Wakisema si lori, nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke wa kubeba. Ataletwa mwingine."

Sisi tulikuwa Walutheri. Mwanamume aliyeoa wa pili alikuwa anakaa viti vya nyuma kanisani na chakula cha Bwana hapewi, na viti vile vya nyuma havikuwa vitupu, nakuambia. Mama alisikia yote akaendelea kumenya ndizi. Alimenya akarudia ndizi iliyokwisha kumenywa, akaikata mpaka ikaisha mkononi. Kwa hiyo usifikiri tulikwenda barazani kutafuta utajiri. Alikwenda ili watu wakubwa waseme kwa mdomo wao kwamba huyu mwanamke aligongwa na lori, si mvivu, hakudanganya, asiletewe mwenzake ndani ya nyumba aliyoijenga.

Shauri likapangiwa siku. Sasa kulikuwa na desturi, na desturi hiyo ndiyo iliyotuua. Hakuna aliyekwenda mbele ya mkuu wa gomborora, yaani mtawala wa eneo letu, tuliyemwita Mwami, mikono mitupu. Haikuwa rushwa, usinielewe vibaya, au labda ilikuwa rushwa lakini hatukuijua kwa jina hilo. Ilikuwa adabu tu. Unapeleka kuku, au mkungu, au rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Baba alikamua rubisi nzuri, akaijaza kwenye kibuyu kikubwa cha nyumba, kibuyu ambacho mama alikuja nacho siku ya arusi yake. Kikazibwa kwa majani ya mgomba. Bibi akasema, "Mwenye shauri ndiye anayekipeleka. Mwanamume hawezi kubeba kibuyu."

"Nitakibeba mimi," nikasema.

Nikakibeba. Saa tatu nzima, milima miwili na bonde moja, nilikibeba mimi, kichwa changu, shingo yangu. Nataka lijulikane. Baba alitangulia na fimbo yake na koti, mama akafuata kwa hatua zake ndogo, akiwa ameshika shingo kwa nyuma kwa mkono wa kulia, nami nyuma yao. Tulipumzika mara tatu kwa sababu yake. Mara ya mwisho alikaa kwenye jiwe, machozi yanamtoka bila kulia, yanatoka tu kwa maumivu. Akajifuta, akasema, "Twende, tusichelewe."

Karibu na baraza barabara ilikuwa na kona, halafu mikaratusi iliyopandwa mistari miwili, halafu uwanja uliofagiwa, na mwisho wa uwanja nyumba ya baraza yenye ukumbi mbele. Kutoka kwenye kona mpaka kwenye ukumbi ni hatua mia moja, labda mia na kidogo. Baba alikuwa ameshafika anasalimia watu. Mama akasimama pale kwenye kona akajitengeneza kitambaa.

"Nitwishe," akasema.

"Mama, utakwenda wapi na shingo hiyo?"

"Hapo tu. Nitwishe, mwanangu, watu wanatuona."

"Wacha nikifikishe mimi. Nimeshakibeba saa tatu, hatua hizi zitanishinda?"

Akaniangalia kwa kugeuka mwili mzima. "Nitaingiaje mbele ya Mwami mikono ikining'inia, zawadi yangu imebebwa na mtoto? Watasema nimekuja kama bibi mkubwa. Watasema sina adabu. Nitwishe."

Nilijua si sawa. Hata leo siwezi kusema sikujua. Lakini nilikuwa nimelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri akiambiwa na mama yake fanya, anafanya. Nikakitua kibuyu, mama akapiga goti, nikamwekea ngata kichwani, nikakinyanyua kibuyu na kumtwisha. Alifumba macho. Halafu akasimama taratibu, akaachia mikono yote miwili, kwa sababu mwanamke anayejua kubeba hashiki, na akaenda. Mawe, alivyokwenda! Wima, mabega yametulia, kibuyu hakitikisiki. Mtu asiyejua angesema huyu malkia anapita. Mimi niliyekuwa nyuma niliona jasho limelowanisha gauni mgongoni mpaka kiunoni.

Na kwenye ukumbi, juu ya kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe kwenye lori lake, amekaa yule bosi wa kahawa, na koti lake, na viatu. Alimtazama mama kuanzia kwenye mikaratusi mpaka kwenye ngazi. Alimtazama tu kama anavyotazama kahawa kwenye mzani.

Tarishi wa baraza alimtua mama kibuyu, akakiweka kando ya kiti cha Mwami. Mama akapiga magoti akasalimu. Mwami akaitikia vizuri, akauliza habari za safari, akauliza rubisi ni ya ndizi gani. Shauri la kwanza lilikuwa la mpaka wa kibanja, likachukua muda, na kibuyu chetu kikafunguliwa. Wazee wa baraza wakapitisha kata. Walikuwa wanainywa wakati jina letu linaitwa. Mmoja wao aliisifia.

Baba alieleza. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo, alitaja daraja, ng'ombe, vumbi, siku, kila kitu. Yule jirani wa jino akasimama akashuhudia kwamba kweli lori liligonga kwa nyuma, akafungua mdomo wakaona pengo. Mimi niliyeona kwa macho yangu dereva amemgeukia bosi hata sikuitwa, nilikuwa binti. Halafu bosi akainuka. Alikuwa na sauti nzuri yule mtu, laini, sauti ya mtu aliyezoea kukuambia kahawa yako ina unyevu.

"Mwami, na wazee wa baraza, nawaheshimu. Sibishi kwamba malori yaligusana. Aliyeumia nilimlipa, yuko hapa, mwulizeni. Mimi nina swali moja tu. Kile kibuyu mnachokinywea, kimefikaje hapa?"

Kata ikasimama njiani kati ya mzee mmoja na mwenziwe.

"Nimekibeba mimi!" nikasema. Nilisema kwa nguvu mpaka kuku wa uwanjani wakaruka. "Nimekibeba mimi tangu nyumbani, saa tatu! Yeye amekibeba kutoka pale kwenye kona tu!"

"Nyamaza, binti," akasema karani. Baba naye akanigeukia, uso umemwiva kwa aibu, akaniambia nikae chini. Alimwonea aibu nani? Mimi!

Mwami akamwuliza mama mwenyewe. "Ni kweli umekibeba kichwani?"

Mama alikuwa bado amepiga magoti. Angeweza kusema hapana, au angeweza kuanza kueleza. Lakini mama yangu alikuwa hajui kusema uongo mbele ya mkubwa, wala hakujua kujibu zaidi ya alichoulizwa.

"Ni kweli, Mwami."

"Na shingo haikuuma?"

"Iliuma, Mwami."

"Sasa mbona hukukitua?"

"Nilikuwa nakuletea wewe."

Watu wakacheka. Nasema wakacheka! Si kicheko kibaya, kile cha kusema mama huyu ana maneno matamu, na Mwami mwenyewe akatabasamu akafuta rubisi kwenye ndevu. Bosi akakaa akakunja miguu. Hakuhitaji kusema tena. Na hapo ndipo hasira yangu inaponikaba mpaka leo. Angekuwa Mzungu, ningesema hajui desturi zetu. Yule alikuwa mtu wa Bukoba, rubisi yetu ni rubisi yao, magoti yetu ni magoti yao. Mama yake mzazi alibeba vibuyu vya namna ile kwenda kwa wakubwa wa kwao. Alijua kabisa kwamba mwanamke wa kwetu angekibeba hata kama shingo imekatika nusu. Alijua, na Mwami alijua, na wazee wote wanne walijua, na kila mmoja wao alikuwa na pombe ya shingo ile kooni mwake. Wangemwona anaingia mikono mitupu, wangesema hana adabu. Alipoingia na adabu, wakasema hana maumivu.

Karani aliandika. Mimi nilisoma kwa wamisheni madarasa manne, na meza ilikuwa karibu, nikasoma kichwa chini miguu juu. Aliandika kwamba mlalamikaji ameonekana na baraza zima akibeba kibuyu kilichojaa bila kukishika, shingo yake ni nzima, madai yametupwa. Akakausha wino, akamwita mwenye shauri la mbuzi aliyepotea.

Bosi akampungia baba mkono kule nje. "Mzee, hakuna chuki baina yetu. Mimi napita Omurushaka, pandeni niwasogeze." Na baba, nisamehewe kusema haya ya baba yangu, baba alipanda. Alipanda akakaa mbele, pale pale alipokuwa amekaa bosi siku ile akimzungumzisha dereva. Alituita. Mama akamshukuru, akasema sisi tutakwenda kwa miguu. Lori likaondoka likatuachia vumbi.

Tarishi akatuletea kibuyu, kitupu. Nikakichukua kwa shingo yake, nikatoka nacho nikikipigapiga pajani, na tulipofika kwenye ile kona nilikuwa nimeshaamua kukibamiza kwenye mkaratusi. Nilikuwa nimekinyanyua kabisa.

"Kilete," mama akasema. "Nitwishe."

"Hakina kitu, Mama! Kitupu hiki! Unataka kubeba nini?"

"Nitwishe."

"Wameshakwenda. Hakuna anayekutazama."

"Nyumbani wananitazama," akasema. Alisema polepole, bila hasira, na kukosa kwake hasira kuliniudhi kuliko yote. "Bibi yako atakuwa mlangoni. Baba yako atakuwa ameshamwambia walivyosema. Wakiniona naingia mikono mitupu, kesho watakwenda kumposa mtu. Wakiniona nimebeba, watamposa wa nini? Shingo ni nzima, wamesema. Basi na ibebe."

Akapiga goti pale kwenye vumbi, akangoja.

Nilimtukana Mwami. Nilimtukana bosi na mama aliyemzaa, na karani na wino wake, nilitukana maneno ambayo sikujua kwamba nayajua. Mama akangoja nimalize. Halafu nikamtwisha.

Alikibeba mpaka nyumbani, milima miwili na bonde moja, kitupu, bila kukishika. Bibi alikuwa mlangoni kama alivyosema. Alimtazama mama akiingia, akatazama kibuyu, akaingia ndani. Asubuhi yake mama akaamka kabla yangu, nikamkuta kisimani ameshajaza mtungi, amesimama kando yake akinisubiri nimnyanyulie.

Mke wa pili hakuja. Wakati mwingine watu wakisema kwamba haki ilipatikana kwa namna yake, huwa naondoka mahali pale nisije nikatukana tena. Kila asubuhi mpaka siku niliyoolewa nilimtwisha mama yangu mtungi uliojaa, na kila asubuhi alifumba macho kwanza. Nilipoondoka sijui nani alimtwisha. Niliogopa kuuliza.

Yule mbuzi wa jino alizaa mapacha mwaka ule ule. Jirani alikuwa anawafunga kando ya njia ya kisimani penye majani mazuri, wamenona, wanarukaruka. Mama aliwapita kila siku na mtungi wake kichwani, wima, bila kugeuka kuwatazama, maana shingo haikugeuka.